Mzee Aliniuliza Kuhusu Vidonge Vyake vya Presha, Nikamjibu Bila Elimu



 

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu, na sehemu yake ya kwanza ni aibu yangu mwenyewe. Nimekaa nayo miaka. Lakini Shaabani imeingia, na wiki hii peke yake nimepokea jumbe saba za watu wanaouliza swali lile lile aliloniuliza mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Moshi, kwa hiyo nimeona nisinyamaze tena. Mwenye haraka aihifadhi aisome baadaye. Mwenye mzazi anayemeza vidonge vya presha, namuomba kwa ajili ya Allah asiipite.

Mzee huyo alikuwa muadhini wetu. Jina lake nalisitiri. Sisi tulimwita Meku, kama wazee wanavyoitwa huku mlimani. Alikuwa na kihamba chake Uru, migomba na kahawa kidogo, lakini baada ya kustaafu alihamia mjini kwa mwanawe ili awe karibu na msikiti. Sauti yake wale wa mtaani kwetu mnaikumbuka. Kuna jirani yetu, Mkristo, aliwahi kuniambia kwamba yeye saa ya ukutani haitumii asubuhi, anaamka na Meku.

Siku mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka 2019, baada ya swala ya Alasiri, Meku alikaa nami barazani. Akatoa kwenye mfuko wa kanzu ile bahasha ndogo ya kaki wanayotoa dukani kwa dawa. Juu yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: 1x2.

Akasema, "Sheikh, hizi za presha wameniandikia moja mara mbili. Nakunywa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Sasa ile ya asubuhi itanifungulisha. Nifanyeje?"

Nikamjibu papo hapo. Nakumbuka hata sikuipokea ile bahasha mkononi. Nikasema, "Meku, wewe una nguvu zako, mpaka leo unapanda Uru kwa miguu. Mwezi huu ni mwezi wa shifaa. Zipumzishe tu, utaendelea baada ya Idi."

Akasema, "Basi imekwisha, Sheikh." Akairudisha bahasha mfukoni.

Ndugu yangu, tazama nilichokifanya. Sikumuuliza ni dawa gani. Sikumuuliza mara ya mwisho alipimwa ngapi. Sikumwambia arudi kwa aliyempa dawa. Nilikuwa na ilimu ya saumu, nikadhani nina ilimu ya presha. Na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu kwa wenye elimu, hakuuliza mara ya pili kwa mtu mwingine.

Siku ya kumi na moja ya mwezi, alfajiri, mvua ya masika ilikuwa inanyesha. Tulikuwa tumeshamaliza daku. Nikasikia spika inakwaruza kama kawaida anapoiwasha. Akaanza takbira. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ikaanza vizuri, kisha ulimi ukawa mzito, na kilichotoka kwenye spika hakikuwa maneno. Mtaa mzima ulisikia. Wengine walidhani umeme unasumbua. Mimi nilikimbia na ndala moja.

Nilimkuta ameegemea ukuta, mdomo umevutwa upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Vijana wakampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Walipompima ilikuwa 214 kwa 120. Namba hizo sijazisahau.

Alhamdulillah, Allah alimbakisha. Mguu ulirudi baada ya miezi, mkono ulirudi nusu. Sauti haikurudi.

Pale hospitali muuguzi aliuliza, "Mzee alikuwa kwenye dawa?" Mkewe, bibi yetu yule, akajibu kwa upole kabisa, bila hasira yoyote, "Aliacha. Sheikh alimwambia apumzishe mpaka Idi." Nami nimesimama hapo hapo, nimeshika viatu vya mgonjwa. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, Mkristo wa Machame. Aliomba ile bahasha, akaifungua, akatazama kidonge, akanitazama. Akasema, "Shehe, hii ni dawa ya saa 12 kwa saa 12. Daku na futari zingemtosha."

Maneno hayo tu. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza.

Fanya hesabu mwenyewe. Hapa Moshi kutoka alfajiri kuadhiniwa hadi jua kuzama ni saa 13 na dakika kadhaa, mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na ikweta na siku zetu hazirefuki wala kufupika sana. Kidonge kimoja Meku angekimeza na maji ya mwisho ya daku, kingine na tende ya kufuturia. Saumu yake ingekuwa salama, na dawa yake ingekuwa salama. Jibu lilikuwa ndani ya bahasha aliyokuwa ameishika, na mimi nikamwambia aiweke mfukoni.

Kuna hadithi niliyoisomesha watoto wa madrasa mara nyingi kabla ya siku ile. Ameipokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir (R.A). Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe kichwani likamjeruhi, kisha akaota ndoto ya kumlazimu kuoga. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hawamuoni na ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W) alikasirika sana, akawalaumu kwamba wao ndio waliomuua, na akawafundisha kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Mimi hadithi hii nilikuwa naisomesha kwenye mlango wa tayamamu. Sikuwahi kujiona ndani yake.

Najua wapo watakaonifariji kwamba ni qadar. Naam, ni qadar, na hakuna jani linaloanguka ila Allah analijua. Na siwezi kuapa kwamba Meku angekunywa dawa asingepata kiharusi, kwani wapo wanaokunywa na bado kinawapata. Lakini qadar ya Allah hainitolei mimi udhuru wa kujibu nisichokijua.

Baada ya hapo nikawa namfuata yule mama kliniki kila nilipompeleka Meku, namuuliza, naye ananifundisha, Allah amlipe kheri na amuongoze. Haya yanayofuata mengi nimeyapata kwake na kwa madaktari niliowasumbua baadaye. Mimi si daktari. Nawaeleza kama mwanafunzi anayekariri kwa wenzake.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba presha haikai mahali pamoja. Tunasema "presha yangu ni 150" kama vile mtu anavyosema urefu wake. Kumbe ndani ya siku moja inapanda na kushuka. Usiku ukilala vizuri inashuka, kwa watu wengi kama sehemu moja kati ya kumi au mbili kati ya kumi. Kisha saa za mwisho za usiku, kabla hata hujafumbua macho, mwili unaanza kujiandaa kuamka. Unamwaga kwenye damu vichocheo vyake, moyo unaongeza kasi, mishipa inakaza, na presha inapanda. Inaendelea kuwa juu asubuhi. Ndiyo maana madaktari duniani kote wameona kiharusi na mshtuko wa moyo vinapiga zaidi kati ya kuamka na adhuhuri kuliko saa nyingine.

Sasa mzee mwenye presha anayeamka kwa ajili ya Alfajiri anaamka katika ule mpando. Na akiwa hana dawa mwilini, hana kitu cha kuuzuia. Simwambii mtu asiamke kuswali, tusinukuliane vibaya. Nasema dawa iwe imeshafika kazini kabla yake.

Na hapo ndipo linapokuja suala la kidonge kinafanyaje kazi tangu umeze hadi kesho yake. Sisi wa huku mlimani tuna mfano wake. Mnaijua mifongo, ile mifereji ya wazee wetu inayotoa maji kwenye mito ya juu na kuyaleta kwenye vihamba. Mfongo una zamu. Ukifunguliwa, maji yanakuja kwa nguvu, unamwagilia, zamu yako ikiisha panakauka. Lakini wazee walichimba pia nduwa, lile bwawa linalojaa maji usiku na kuyaachia kidogo kidogo mchana. Vidonge navyo vipo vya mfongo na vipo vya nduwa.

Kaptopili ni ya mfongo. Inafanya kazi ndani ya saa moja au mbili, na haidumu, ndiyo maana wanakuandikia mara mbili au tatu kwa siku. Nifedipini ya kuyeyuka taratibu, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye bahasha ya Meku, imetengenezwa iachie dawa polepole kwa muda wa kama saa 12. Hii msiwasagie wazee wenu kwenye uji! Nimeona mabinti wanafanya hivyo kwa huruma kwa sababu bibi hawezi kumeza. Ukiisaga umeubomoa ukingo wa nduwa, dawa yote inaingia kwa mara moja, presha inaporomoka ghafla. Mzee akishindwa kumeza rudi kwa mtoa dawa akubadilishie.

Amlodipini ndiyo nduwa yenyewe. Ukiimeza inapanda kwenye damu taratibu, kilele chake kinafika baada ya muda wa saa 6 hadi 12, na kuondoka kwake ni polepole sana: ili nusu tu ya dawa itoke mwilini panapita saa 30 hadi 50. Kwa hiyo ya leo inaikuta ya jana bado ipo, zinapandiana, na baada ya kama wiki moja ndipo bwawa linakuwa limejaa sawasawa. Inameza mara moja kwa siku na kukubeba usiku na mchana.

Losatani nayo kwa kawaida ni mara moja kwa siku. Yenyewe inazuia kichocheo fulani kisiikaze mishipa. Halafu kuna dawa za kukojoza, zile watu wanaita dawa za maji, kama haidroklorothayazidi. Hiyo inaanza kukutuma chooni ndani ya saa mbili hivi, inakuwa kali kwenye saa ya nne, na inaweza kuendelea hadi saa 12. Ukiimeza wakati wa kulala, usiku wako utakuwa wa tahajudi bila kukusudia.

Nilipokuwa naelezwa haya mara ya kwanza, yule mama alinikalisha kwenye kiti akanifunga ule mkanda mkononi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mgonjwa, nikampa mkono ili kumridhisha. Ikasoma 168 kwa 102. Nikamwambia ni mshtuko wa haya yaliyotokea. Akasema sawa, njoo kesho kutwa. Nikaja, ikasoma karibu hivyo hivyo. Nikaja mara ya tatu. Kipimo wanachotaka ni chini ya 140 kwa 90, na mimi sikuwa nikiumwa kichwa, sikuwa na kizunguzungu, nilikuwa naswalisha tarawehe na kurudi nyumbani nikiwa mzima kabisa.

Sikuwa peke yangu. Mwaka 1996 na 1997 watafiti walipima watu Ilala, Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari, wilaya ya Hai, hapa hapa kwetu. Zaidi ya robo ya watu wazima walikutwa na presha. Katika hao wenye presha, waliokuwa wanajua hawakufika mmoja kati ya watano. Waliokuwa kwenye dawa ni kama mmoja kati ya kumi. Na ambao presha yao ilikuwa imeshuka na kutulia hawakufika hata mmoja kati ya mia. Wakati ule tulikuwa tunasema presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, kumbe ilikuwa imekaa chini ya migomba ya Machame inakunywa mtori na sisi.

Wakanianzishia amlodipini, moja kwa siku. Na hapa kuna aibu ya pili, ndogo kuliko ya kwanza lakini naitaja kwa sababu najua wengi mnaifanya. Nilikuwa nameza nikikumbuka. Wiki ikiwa na mazishi na mihadhara napitisha siku tano bila kugusa. Kisha asubuhi ya kliniki nameza kimoja haraka ili mashine isinisaliti. Mashine ikanisaliti. Yule mama akatazama namba, akauliza, "Shehe, umeanza kumeza lini?" Nikasema kila siku. Akacheka. Akasema, "Hiki cha leo bado hakijafika popote. Bwawa lako ni tupu." Mfano wa nduwa nilimpa mimi mwenyewe, akanirudishia.

Mtu anayefundisha watu ukweli, amekamatwa anadanganya kuhusu kidonge. Nikatoka pale nimeinamisha kichwa, nikakumbuka hadithi ya mama yetu Aisha (R.A), iliyo kwa Bukhari na Muslim, kwamba amali Allah anayoipenda zaidi ni ile inayodumishwa hata ikiwa ndogo. Siku zote tumeihutubia kwa rakaa na dhikri. Nikaanza kuihutubia nafsi yangu kwa kidonge.

Swali linaloulizwa sana: ni saa gani bora kumeza? Asubuhi au usiku? Kuna wakati madaktari walibishana juu ya hili. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Hispania uliosema usiku ni bora sana, watu wakabadilisha. Kisha mwaka 2022 ukatoka utafiti mkubwa wa Uingereza, ulioongozwa kutoka Dundee, watu zaidi ya 21,000 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Nusu walimeza asubuhi, nusu jioni. Mwisho wa hesabu, viharusi, mishtuko ya moyo na vifo havikutofautiana. Kwa hiyo kwa watu wengi saa bora ni ile ambayo hutaisahau, na uidumishe hiyo hiyo. Kama daktari wako amekupangia saa maalumu kwa sababu yako, mfuate yeye.

Na sisi, ndugu zangu, Allah ametupa saa tano kwa siku ambazo hazisahauliki! Mimi nameza baada ya Alfajiri. Dawa iko kwenye kijaluba pembeni ya msahafu wangu. Nikitoa salamu na kumaliza nyiradi, mkono unakwenda wenyewe. Na kwa kuwa hapa kwetu nyakati za swala husogea kama nusu saa tu katika mwaka mzima, dawa yangu haihamihami. Ndugu zetu walioko Ulaya, ambako Alfajiri ya kiangazi na ya baridi zimetengana mbali, wao watumie saa ya ukutani. Ukisahau ukakumbuka baadaye siku hiyo hiyo, kunywa. Ukikumbuka kesho, endelea na ya kesho, usimeze mbili kwa pamoja kulipa. Hii si swala, haina kadha.

Ukitaka kujua kama dawa yako inakufikisha, jipime asubuhi kabla ya kumeza. Ile namba ndiyo inayoonyesha kama kidonge cha jana kimekubeba hadi mwisho wa zamu yake. Kaa kwanza dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Usipande kilima cha Kiboriloni na mkungu wa ndizi kichwani kisha ukakimbilia mashine.

Dawa hizi zina maudhi yake, na watu wanaziacha kimya kimya kwa sababu hiyo. Mimi nilianza kuona miguu inavimba. Niligundua nikitia udhu, soksi imeacha mstari mnene kama kamba. Ni amlodipini, inajulikana, nikapunguziwa dozi na kuongezewa nyingine. Wapo wanaokohoa kikohozi kikavu safu nzima inageuka, hao wengi wako kwenye kaptopili au enalapili, na ipo ya kubadilishiwa. Wapo wazee wanaopata kizunguzungu wakiinuka kutoka kwenye sijda. Mzee wangu, inuka taratibu, shika ukuta, na ukishindwa swali kwenye kiti, dini yetu ina nafasi hiyo. Kisha kaseme kliniki. Usiache mwenyewe. Na wale wenye atenololi au propranololi hasa, kuacha ghafla ni hatari, moyo unaweza kurudi kwa kishindo.

Tena tuzungumzie tiba ya Mtume, maana najua maoni yenu yatakuja hapo chini. Habasoda ni sunna, asali ina shifaa, hijama nimepiga mimi mwenyewe. Sijawahi kuzipinga wala sitazipinga. Lakini mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akaeleza kwamba kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa isipokuwa uzee. Hakusema dawa hiyo itakuwa kwenye chupa ya asali peke yake. Tumia habasoda yako na kidonge chako, na umwambie daktari unachotumia. Anayekuuzia chupa na kukwambia utupe vidonge, muulize kama anayo mashine ya kupimia. Na kwa upande mwingine, wenye maumivu ya magoti wanaojinunulia diklofenaki kila siku, jueni kwamba inapandisha presha na kuidhoofisha dawa yenu. Chumvi nayo hivyo hivyo. Kachumbari yetu imekuwa kama ya samaki wa kukausha.

Tuje kwenye Ramadhani, ndiyo haja ya wengi.

Kidonge kinafunguza saumu, hilo halina mjadala. Lakini wengi wenye presha iliyotulia wanaweza kufunga na kunywa dawa zao zote, zikipangwa upya. Ya mara moja inahamia futari au daku. Ya mara mbili, daku na futari, kama ambavyo Meku alistahiki kuambiwa. Ya mara tatu haiingii katika usiku wetu, hiyo daktari huweza kukubadilishia ya mara moja kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya kukojoza mara nyingi huhamishiwa jioni, kwa sababu ukiinywa daku itakukamua maji mchana kutwa nawe huwezi kunywa. Utasumbuka kidogo kwenye tarawehe, kaa safu ya nyuma karibu na mlango. Wakati mwingine dozi hupunguzwa pia. Upangaji huo mfanye wiki mbili tatu kabla ili daktari aone namba zinakaaje. Usisubiri usiku wa kuandama mwezi ndipo unitumie ujumbe mimi.

Na yule ambaye presha yake haijatulia, au figo au moyo umeguswa, au amepata kiharusi karibuni, daktari akamwambia asifunge, basi ruhusa yake iko katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mgonjwa atalipa siku nyingine akipona, na ambaye hatarajii kupona atoe fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Nimeona wazee wanalia wakiambiwa hivyo. Wanahisi wametolewa kwenye mwezi. Mzee wangu, aliyekuwajibishia saumu ndiye aliyekupa ruhusa. Kuipokea nako ni kumtii.

Meku hafungi sasa. Mwanawe ananiletea fidia yake kila mwaka, mchele na maharage, nazigawa mwenyewe. Yeye anakuja msikitini kwa fimbo, anakaa chini ya dirisha la upande wa mlima. Niliwahi kumuomba radhi. Nilijiandaa maneno marefu, nikashindwa kuyamaliza. Aliinua mkono wa kushoto akanipiga bega mara mbili, akasema neno ambalo sikulielewa, mkewe akanitafsiria: "Anasema muulize vijana wameshafunga koki ya udhu, inavuja." Hivyo ndivyo alivyo.

Jumamosi hii baada ya Alasiri, In shaa Allah, yule mama muuguzi na daktari mmoja kijana watakuwa barazani kwetu na mashine mbili. Ni mwaka wa nne sasa tunafanya hivi kila Shaabani, wanaume upande wa baraza, akina mama upande wa madrasa. Njoo na bahasha zako zote, hata zile tupu, na kadi ya kliniki kama unayo. Usije na majina ya kukariri, "kile cheupe kidogo" hakitusaidii, vyeupe vidogo viko ishirini. Siku hiyo usiache kumeza dawa yako ili waione presha "halisi", na usimeze mara mbili ili kuwafurahisha. Walio mbali waende kituo kilicho karibu nao wiki hii, waulize swali moja: dawa yangu hii ni ya saa ngapi, na Ramadhani niipange vipi?

Atakayeniuliza hapa kwenye maoni apumzishe dawa gani, nitamjibu kwa namba ya zamu ya kliniki tu.

Muombeeni Meku. Na mimi.

Wabillahi tawfiq.